Kisa Namba Nne

Muhuri uligongwa. Ukanyamaza kidogo, ukagongwa tena mara mbili kwa haraka juu ya meza ngumu. Kavutha aliusikia akiwa amefumba macho, mgongo wake umeegemea ukuta baridi wa korido, na kila ulipogongwa vidole vya miguu yake vilijikunja ndani ya viatu. Alipofumbua macho aliona kile kile alichokuwa akikiona tangu saa moja asubuhi: mlango wa kahawia ulioandikwa USAJILI, na watu tisa kwenye mabenchi, wengine ndani ya suti zilizowapwaya mabegani.

Nyuma ya mlango ule Bodi ya leseni za wauguzi ilikuwa ikiwagongea wenye leseni muhuri wa mwaka mwingine. Mtihani ulikuwa nyuma ya mlango wa pili, ambao haukuandikwa kitu. Ilikuwa mwaka 2006, ghorofa ya sita ya jengo moja la Upper Hill. Lifti ilikuwa ya wenye beji. Watahiniwa walipanda ngazi.

“Wewe ni mara ya ngapi?” aliuliza mwanamke aliyeketi kando yake. Jina lake Phoebe, muuguzi wa wagonjwa wa akili kama Kavutha, na alikuwa ameshuka kwenye basi kutoka Kakamega alfajiri hiyo. Alikuwa bado na alama ya kiti shavuni.

“Ya tatu.”

“Ya tatu ndiyo ya mwisho.”

“Najua.”

“Mimi ya pili. Ya kwanza waliniuliza dawa ambayo hata mfamasia wetu ameiona tu kwa kalenda.” Phoebe alicheka bila kutoa sauti, akiuchunga mlango. “Sasa hiyo dawa nimeisoma mpaka mzee wangu ameijua. Unaona vile leo hawataiuliza.”

Hata Kavutha mara ya kwanza aliangushwa na dawa. Mara ya pili alianguka kwa sababu aliulizwa jina lake, akalitaja, kisha sauti ikamkauka na haikurudi hadi alipofika barabarani. Miaka tisa alikuwa amefanya kazi kwenye hospitali binafsi ya wagonjwa wa akili karibu na mtaa wa Jamhuri, nyumba mbili za kizamani zilizounganishwa kwa paa la mabati. Alijua ni mgonjwa gani hawezi kufunguliwa dirisha asubuhi, na ni yupi hulia akipewa kijiko cha chuma. Lakini hakuwa na leseni, kwa hiyo hakuruhusiwa kushika ufunguo wa kabati la dawa. Ufunguo ulikaa kiunoni mwa Dalmas, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye Kavutha mwenyewe ndiye aliyemfundisha namna ya kumzuia mtu anayepigana bila kumvunja ubavu. Dalmas alifanya mtihani mara moja, akapita. Sasa Kavutha aliandika ripoti na Dalmas akatia sahihi chini yake. “Mwanafunzi wangu, leta faili,” angemwita mbele ya wagonjwa, na wagonjwa wangecheka kwa sababu yeye alicheka.

Mwezi Agosti tangazo lilibandikwa jikoni, juu ya sufuria za uji. Kuanzia Januari, asiye na leseni asionekane wodini. Hata wagonjwa walilisoma. Zachariah, mwalimu wa jiografia aliyekuwa akirudishwa pale kila mwaka mvua zikianza, alichukua daftari la Kavutha na kumtahini uani wakati wa kuota jua.

“Dalili tano, haraka,” angesema. Na Kavutha akitaja nne: “Ya tano umeiruka, mama. Utarudia darasa.”

Mlango usioandikwa ulifunguliwa. Phoebe aliitwa, akakaa huko muda wa kunywa kikombe cha chai, akatoka akipangusa kiganja kwenye sketi. Kisha ikaitwa namba ya Kavutha. Hapo hawakuita majina.

Walikuwa wawili. Daktari Gerishon Mbugua, mwenyekiti, mzee mwenye sauti ya chini aliyekunywa maji ya moto kwa kikombe cha udongo. Na mwanamke mwenye miwani ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Mtihani ulikuwa wa visa vinne. Mwenyekiti alisoma kisa, akauliza. Visa vya kwanza vitatu Kavutha alivijibu kwa woga lakini bila kujikwaa, na sauti haikumtoroka. Alianza kuisikia ikizungumza, akaiamini.

“Kisa namba nne,” alisema Daktari Gerishon. Alisoma polepole, akitua penye kila nukta. “Mwanamke wa miaka thelathini na moja, mhudumu wa afya. Kwa miezi minne hapati usingizi. Kazini anaonekana hodari. Lakini anapomlisha mgonjwa uji, huandika kwa kidole juu ya blanketi, na akiguswa bega huuficha mkono.” Akainua macho. “Tuanzie hapo. Ana nini?”

Kavutha alijibu kama mtu anayepita kwao gizani bila kugonga kiti. Alitaja ugonjwa. Alitaja dalili nne na ile ya tano. Alieleza ni magonjwa gani mengine lazima yaondolewe kwanza kwenye hesabu, damu ipimwe nini, na mgonjwa aulizwe nini bila kutishwa. Yule mwenye miwani aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Kavutha aliona hilo na kifua kikamjaa. Alikuwa ameshamjua huyo mwanamke wa kisa, ameshamwonea ile huruma ya kazini, ya mbali kidogo, ya mtu aliyesimama upande wa pili wa kitanda.

“Vizuri sana,” alisema Daktari Gerishon. “Naendelea. Siku moja alifika shuleni kumchukua bintiye. Bawabu akamuuliza amemfuata mtoto gani. Akasimama langoni na jina la mtoto likamtoka. Akasema amemfuata msichana wa darasa la pili, mwenye sweta yenye kiwiko kilichoshonwa kwa uzi wa kijani.”

Kikombe cha udongo kilirudishwa mezani.

Uzi wa kijani ulinunuliwa Kinoo, walikoishi, kwa sababu dukani hapakuwa na wa buluu. Kavutha ndiye aliyeshona. Muema, mumewe, hakujua habari ya lile lango la shule. Mtoto hakujua, alikuwa amekuja akikimbia, akamshika mkono, na kwa hatua ishirini nzima mama yake alitembea naye bila kujua anaitwa nani. Jina lilirudi walipofika kwa mwuza viazi. Mukonyo. Jina la nyanyake. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeambiwa.

Bodi iliamuru kila mtahiniwa awe na mlezi, mtu mwenye leseni wa hospitali ile ile, na kila wiki mbili wakae saa nzima, mlango umefungwa, mtahiniwa aseme yanayomlemea. Bila sahihi ya mlezi huwezi kuandikishwa kwa mtihani. Mlezi wa Kavutha alikuwa Madam Waithera, msimamizi wa wauguzi. Ilikuwa mwezi wa tatu. Madam Waithera alimwachia alie mpaka alipomaliza, akamwandikia vidonge, akamshika magoti kwa mikono yake miwili.

“Swali la uamuzi,” alisema Daktari Gerishon. “Mhudumu huyu aachiwe wagonjwa?”

Kavutha alitazama mkono wake wa kulia. Kidole kilikuwa kikitembea juu ya kitambaa cha sketi. Hakujua kilianza lini. Hakujua hata siku moja kwamba kilikuwa na tabia hiyo. Hilo hakumwambia Madam Waithera, Madam alijionea mwenyewe. Aliuingiza mkono chini ya paja na kuukalia.

Jibu lilikuwa kwenye kijitabu chekundu cha Bodi, ukurasa wa kumi na saba. Alilijua kwa ghaibu, pamoja na doa la chai lililokuwa kando yake.

“Hapana,” alisema. “Aondolewe wodini siku hiyo hiyo. Bodi ijulishwe.”

“Na kurudi?”

“Asirudi.”

“Huna shaka.”

“Sina, Daktari.”

Mwanamke mwenye miwani aliandika, na kalamu yake haikusita.

Phoebe alikuwa akimngojea chini kabisa ya ngazi, amevua viatu, anakula ndizi. Alimwuliza ilikuwaje, na kabla hajajibiwa akaanza kueleza yake. Ile dawa kweli hawakuiuliza. Visa vitatu alipita navyo vizuri. “Lakini yule dada wa sweta,” alisema, “huyo alinikalia hapa.” Akajigusa koo. “Nikawaambia apewe likizo, atibiwe, akipona arudi kazini. Sisi si ndio tunaambia watu kila siku ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine? Mtu wa presha hafukuzwi. Wewe ulisemaje?”

“Nilisema hivyo hivyo.”

Phoebe aliufinya mkono wake. Kiganja chake kilinata maji ya ndizi. “Basi tumepita sote,” alisema.

Kavutha alitembea kwa miguu. Alishika Ngong Road, akapita makaburi, akapita wauza vitanda na wachonga meza waliopanga kazi zao kando ya lami, hadi Jamhuri. Jasho lilimshika mgongoni kwenye blauzi ya mtihani. Hospitalini Dalmas alikuwa getini na ufunguo wake. Akamwuliza mwanafunzi wake amefanya nini huko, akacheka, halafu alipomwona uso akaacha kucheka na kumpisha.

Madam Waithera alikuwa ofisini, anakata nyanya za sandwichi yake ya mchana juu ya sahani. Mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mpole, mzaliwa wa Kinoo kabla Kinoo haijawa mji. Ndiye aliyemtafutia Kavutha nyumba ya kupanga karibu na kwake. Jumapili walikaa benchi moja kanisani.

“Kaa, Mama Mukonyo. Umekunywa chai?”

“Madam, kisa cha nne kilikuwa changu.”

Waithera hakuuliza kisa kipi. Aliweka kisu chini, akaenda kuufunga mlango, akarudi akiwa anapangusa mikono.

“Niliondoa jina,” alisema.

“Jina ni kitu kidogo, Madam. Lango la shule uliliacha.”

“Na miaka nikabadilisha. Wewe una thelathini na nne. Niliandika thelathini na moja.”

Kavutha alimtazama. Waithera akatazama nyanya.

Alieleza, na alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa amejipanga kwa siku hii. Kila mlezi alidaiwa na Bodi visa viwili vya kweli kwa mwaka, vya kutahinia wengine. Bila visa hivyo leseni ya mlezi haigongwi. Mwaka uliopita alibuni kimoja, kikarudishwa na maneno mekundu kwamba hakiaminiki. Safari hii tarehe ilikuwa imefika, na wagonjwa wa wodini ni wale wale ambao walezi wengine wote walikuwa wameshawaandika, mwanamume anayesikia redio ukutani, mama anayezika chakula. Bodi ilikuwa imeandika kwamba inataka visa vya wahudumu wenyewe. Haikueleza kwa nini.

“Ningefunga hii hospitali?” aliuliza Waithera. “Mimi nikikosa leseni hakuna mtu hapa anaweza kulea mtahiniwa. Wewe ungefanya mtihani na nani?”

“Ungeniuliza.”

“Ungekubali?”

Nje Zachariah alikuwa akimwita mtu kwa jina la mto.

“Ulijibu aje?” aliuliza Waithera kwa sauti ya chini.

“Nilisema aondolewe.”

“Na kurudi?”

“Asirudi.”

Waithera alifumba macho, na mabega yake yakashuka kwa nafuu ya kweli. Alizunguka meza, akamkumbatia Kavutha, akanuka nyanya na sabuni ya dawa. “Basi umepita,” alisema kwenye nywele zake. “Umeona? Wengine wamekutana na kisa wasichokijua. Wewe ulikijua. Mungu hutumia njia nyingi, Mama Mukonyo.”

Kavutha alikumbatiwa akiwa ameacha mikono yake ikining'inia. Halafu aliomba faili lake. Alisema anataka kulichukua aende nalo nyumbani. Waithera alirudi upande wake wa meza kabla ya kujibu.

“Faili ni la hospitali. Hilo unajua.” Aliivuta droo kidogo kuhakikisha imefungika. “Sikiza. Hakuna mtu ataliona. Lakini Bodi ikiniuliza yule mtu ni nani, mimi nimeapa kwa leseni yangu. Sitaweza kudanganya. Kwa hivyo tusiwape sababu ya kuuliza. Zile vidonge wacha kuchukua hapa, Dalmas anaandika kila kitu. Nunua mjini, mahali hawakujui. Ama uache kabisa, si umekuwa na nafuu? Na hizi saa zetu tutakaa, sahihi nitatia, lakini tuongee mambo ya kawaida. Watoto. Bei ya unga.”

“Na nikilemewa?”

“Uombe,” alisema Madam Waithera, na macho yake yalikuwa na machozi. Akamsukumia sahani yenye nusu ya sandwichi. Kavutha hakuwa amekula tangu jana. Aliila akiwa amesimama.

Vidonge alivinunua mara mbili kwenye duka moja karibu na stendi ya mabasi, kwa jina la dadake marehemu. Mara ya tatu mwuzaji alimtaka barua ya daktari. Akaacha. Wiki iliyofuata, kabla ya kumlisha mgonjwa uji, alifunga mkono wa kulia kwa bendeji, akawaambia walioona kwamba amejichoma na sufuria. Alijifunza kulisha kwa mkono wa kushoto. Nyumbani Kinoo aliandika jina la Mukonyo kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mkono wa koti lake, na kila siku saa kumi, kabla ya kufika kwa bawabu, aliukunja kama mtu anayetazama saa.

Matokeo yalikuja mwezi wa Novemba. Hospitali ilinunua keki. Dalmas alichongesha ufunguo wa pili wa kabati la dawa kwa pesa zake mwenyewe, akauvisha uzi, akamvisha Kavutha shingoni mbele ya wagonjwa waliopiga makofi, na hakumwita mwanafunzi. Alimwita sista. Zachariah alitaka kujua alipata ngapi kwa mia.

Siku ya kuchukua leseni alipanda tena ngazi za Upper Hill. Walioitwa waliingia mmoja mmoja. Daktari Gerishon alikuwa peke yake safari hii, na alisimama kumpokea, akamvutia kiti.

“Nilitaka nikuone mwenyewe,” alisema. “Kile kisa cha nne kiliwashinda wengi. Watu walikuwa wakizungukazunguka, mara apumzishwe, mara tutaona. Kuna mmoja kutoka magharibi, muuguzi mzuri tu, alitujibu vizuri mpaka hapo. Kisha akaanza kumtetea. Akasema atibiwe arudi. Tulimuuliza mara tatu, akashikilia hapo hapo, hata akatuuliza kama sisi tungetaka kufukuzwa.” Alitikisa kichwa kwa masikitiko. “Tulimwangusha. Huruma kama hiyo huua wagonjwa. Wewe hukusita hata dakika moja.”

Kavutha alisema asante, Daktari.

Leseni ilikuwa juu ya meza, ndani ya bahasha ya plastiki, jina lake limepigwa kwa herufi kubwa. Kando yake palikuwa na karatasi ya kiapo. Aliambiwa asimame, ainue mkono wa kulia. Aliuinua. Bendeji ilikuwa mpya, nyeupe, ameifunga vizuri kwa sababu ya siku hiyo. Daktari Gerishon aliitazama, akauliza, akaambiwa ni sufuria ya uji ilimchoma, akasema pole.

Aliapa kutunza wagonjwa. Aliapa kutunza dawa. Alipofika ibara ya mwisho, mwenyekiti alimwambia aache karatasi na amtazame yeye, kwa sababu hiyo ndiyo ibara ambayo watu huisoma haraka ili ipite. Kavutha aliinua macho, akaisema yote bila kusoma: kwamba atamtaja kwa Bodi mwenzake yeyote atakayemjua kuwa na ugonjwa wa akili, asimwonee haya, asimfiche, hata awe nani.

“Vizuri,” alisema Daktari Gerishon. Alichukua kalamu, akaifungua, lakini hakutia sahihi bado. “Na kwa sasa, hapo mnapofanya kazi, kuna yeyote unayemjua?”

Kidole kilikuwa kikisogea ndani ya bendeji, juu hewani, mahali ambapo hapakuwa na blanketi.

“Hakuna, Daktari,” alisema Kavutha. “Lakini siku nitakayomjua, nitamleta hapa mimi mwenyewe.”